Gari limelia piip. Je, limefungwa?

Jirani yetu hapa Nakuru ni mwalimu. Jumamosi moja aliegesha gari karibu na soko mchana kweupe, akashuka, akabonyeza rimoti akiwa tayari ameligeuzia gari mgongo, akaenda kununua mboga. Aliporudi baada ya nusu saa alikuta vioo vizima na milango mizima, ila mkoba uliokuwa kiti cha nyuma haupo. Ndani yake mlikuwa na kompyuta na karatasi za mtihani za darasa zima.

Jioni ile kwenye ploti kila mtu alikuwa na maelezo yake. Kijana mmoja alisema siku hizi wezi wana programu ya simu inayofungua gari lolote. Mama wa dukani akasema shida ni haya magari ya Japani. Mwingine akamhimiza mwalimu atafute alamu yenye nguvu zaidi, ile inayolia hadi mtaa wa pili. Mimi nilimwuliza jambo moja tu: "Mwalimu, ulisikia milango ikijifunga?"

Akafikiri kidogo. "Nilibonyeza," akanijibu.

Kubonyeza ni jambo moja na mlango kufungika ni jambo jingine. Katikati yake kuna mawimbi ya redio yanayosafiri hewani, kisanduku cha umeme kinachoyapokea, waya, na mota ndogo iliyojificha ndani ya mlango. Chochote kati ya hivyo kinaweza kukataa, nawe ukaondoka ukiwa na amani isiyo na msingi. Nimekutana na mkanganyiko huu Nakuru, Kisumu na Kakamega, na unaniuma kwa sababu watu wanapoteza mara mbili: mali inaenda kwa mwizi, kisha pesa zinaenda kwa kifaa kisichotibu ugonjwa walio nao.

Tunaviita vyote alamu

Mtu akisema "gari langu lina alamu," anaweza kuwa anazungumzia vitu vinne tofauti. Chukua mfano wa boma la kijijini. Kuna komeo la mlango. Kuna mtoto anayetumwa, "Kimbia ufunge komeo." Kuna mbwa anayebweka mgeni akisogea. Na kuna ng'ombe aliyefungwa mnyororo mguuni, ambaye hata zizi likiachwa wazi hatoki.

Komeo ni loki ya pamoja, yaani mota ndogo moja ndani ya kila mlango, zote zikifunga na kufungua kwa amri moja. Mtoto anayetumwa ni rimoti. Yeye hafungi chochote kwa mkono wake, anapeleka ujumbe. Mbwa ni king'ora pamoja na sensa zake. Mnyororo ni imobilaiza, kifaa kinachozuia injini kuwaka iwapo ufunguo si ule ambao gari linautambua.

Gari linaweza kuwa na kimoja bila kuwa na kingine. Mengi tunayoendesha yana rimoti na loki ya pamoja lakini hayana king'ora hata kidogo; ile piip hutoka kwenye kengele ndogo tu, na indiketa zinamulika kukuarifu. Mengine yana king'ora kikali kilichofungwa na fundi wa mtaani lakini hayana imobilaiza. Tena yapo yenye imobilaiza madhubuti ambayo mwenyewe hajui kama ipo, kwa sababu haipigi kelele. Mwalimu wetu alikuwa na komeo zuri na mtoto wa kutumwa. Siku ile mtoto hakufika, na king'ora cha bei yoyote kisingemsaidia, maana king'ora nacho huamshwa na ujumbe uleule wa kufunga. Usipofika, mbwa hubaki amelala.

Rimoti ni kituo kidogo cha redio

Ukibonyeza kitufe, rimoti hurusha mawimbi ya redio kwa muda mfupi sana. Nguvu yake hutoka kwenye betri bapa ya volti 3, mara nyingi CR2032, CR2016 au CR1632, kwa hiyo mawimbi hayaendi mbali. Mita 10 au 20 ni kawaida, na pengine zaidi mahali palipo wazi.

Kila redio ina masafa yake, yaani idadi ya mitetemo ya mawimbi yake kwa sekunde (megahezi moja ni mitetemo milioni moja), na jambo hili yeyote aliyewahi kununua gari la Japani analijua bila kujua kwamba analijua. Redio ya gari hilo ikifika Kenya hainasi vituo vyetu vingi, kwa sababu FM ya Japani huanzia megahezi 76 na kwa muda mrefu iliishia 90, ilhali ya kwetu huanzia 87.5 hadi 108. Ndiyo maana fundi hukufungia kile kifaa kidogo nyuma ya redio. Rimoti nazo ziko hivyo. Zile za soko la Japani na Marekani hutumia masafa ya karibu megahezi 315, na za Ulaya hutumia 433.92. Kwa kuwa mitumba mingi inayoingia nchini ni ya Japani, ndani ya ule ukomo wa kisheria kwamba gari lisizidi miaka 8, rimoti nyingi mifukoni mwetu ni za upande wa 315. Ukipoteza yako ukauziwa nyingine yenye sura ileile lakini ya 433, unaweza kubadilisha betri hadi uchoke. Gari halitakusikia. Mwulize muuzaji masafa kabla ya kutoa pesa. Akishindwa kukujibu, nenda kibanda kinachofuata.

Kwa kuwa rimoti ni redio, ule ujumbe wa WhatsApp unaosema ukifungiwa nje ya gari umpigie simu mtu nyumbani abonyeze rimoti ya akiba karibu na simu yake, hauna ukweli wowote. Simu hubeba sauti. Rimoti haitoi sauti, inatoa mawimbi yanayotetema mamilioni ya mara kwa sekunde, na maikrofoni ya simu haiyasikii kabisa. Usimpotezee ndugu yako wa Bungoma salio.

Lakini ile desturi ya kuweka rimoti chini ya kidevu ili ifike mbali, ambayo wengi huicheka, ni ya kweli. Mwili wa binadamu umejaa maji, na rimoti ikigusana nao, kichwa chako husaidia kurusha mawimbi, kana kwamba umeiongezea antena. Unapata mita kadhaa za ziada. Hata kuishikilia kando ya mtungi wa maji hufanya kazi hiyohiyo.

Namba inayotumika mara moja

Hofu kubwa ya watu ni kwamba mwizi atanasa mawimbi ya rimoti yako, ayahifadhi, kisha ayarushe wewe ukiwa umekwenda. Zamani hilo liliwezekana kwa urahisi, kwa sababu rimoti ilituma namba moja isiyobadilika siku zote. Aliyeinasa mara moja alikuwa na ufunguo wako.

Dawa yake ilitoka hapa Afrika. Miaka ya 1980 mhandisi Gideon Kuhn wa Afrika Kusini alibuni mfumo ulioitwa KeeLoq, ukaendelezwa na kampuni ya huko iitwayo Nanoteq, na mwaka 1995 ukanunuliwa na kampuni ya Microchip ya Marekani kwa zaidi ya dola milioni 10. Ukasambaa kwenye magari na mageti duniani. Wazo lenyewe ni hili: rimoti na gari vina daftari moja la siri la kukokotoa namba. Kila unapobonyeza, namba mpya hutumwa, na ikishatumika inakufa. Mwenye duka anaelewa haraka ukimwambia ni kama ujumbe wa M-Pesa. Msimbo wa malipo ya jana hauwezi kulipia unga wa leo, hata ukiuonyesha mara mia.

Mtoto akichezea rimoti nyumbani, huku gari liko mbali, daftari la rimoti husonga mbele na la gari linabaki nyuma. Watengenezaji walifikiria hilo. Kwenye KeeLoq, kwa mfano, gari hukubali namba yoyote kati ya 16 zinazofuata. Mtoto akizidisha hapo, gari litakataa bonyezo la kwanza, kisha likubali ukibonyeza mara ya pili mfululizo, kwa kuwa limesikia namba mbili zinazofuatana na kujua daftari limefika wapi. Watu wengi hupeleka rimoti kwa fundi kwa tatizo hili la mabonyezo mawili.

Kwa hiyo ile programu ya simu inayofungua gari lolote haipo. Simu zetu za kawaida hazina hata redio ya masafa hayo. Ila nisiseme uongo kwamba mfumo ni ukuta usiopenyeka. Mwaka 2015, kwenye mkutano wa wadukuzi uitwao DEF CON kule Las Vegas, Marekani, mtafiti wa usalama Samy Kamkar alionyesha kifaa alichokiunda kwa takriban dola 32. Unapobonyeza, kinavuruga mawimbi ili gari lisisikie, na wakati huohuo kinahifadhi namba yako. Unashangaa, unabonyeza tena. Kinavuruga na kuhifadhi ya pili, kisha kinarusha ile ya kwanza. Gari linaitika, unaondoka umeridhika, na mwenye kifaa amebaki na namba moja ambayo haijatumika. Huo ni ustadi wa hali ya juu. Pia kuna ving'ora vya bei ya chini vinavyofungwa mitaani ambavyo bado vinatumia namba isiyobadilika ya zamani, na hivyo ndivyo ningeviogopa zaidi. Kabla hujafungiwa king'ora, mwulize fundi kama namba yake hubadilika.

Kelele inayozima mnong'ono

Mwizi wa sokoni hahitaji hata kidogo ya hayo yote. Anachohitaji ni ujumbe wako usifike.

Simama stendi ya matatu Nakuru saa kumi na moja jioni, spika za magari matatu zikipiga nyimbo tatu tofauti, makanga wakiita abiria, kisha umnong'oneze rafiki aliye ng'ambo ya barabara. Midomo yako inacheza na sauti imetoka, lakini yeye hasikii kitu. Hivyo ndivyo kifaa cha kuvuruga mawimbi kinavyofanya. Kinarusha kelele tupu kwenye masafa yaleyale ya 315 au 433, na sikio la gari linazibwa. Rimoti yako ni mnong'ono. Mwizi hafungui gari. Wewe mwenyewe umeliacha wazi, naye anakuja, anavuta mlango kama mwenye gari, anachukua mkoba na kuufunga mlango taratibu. Hakuna kioo kilichovunjika, wala alama ya bisibisi. Soja wa maegesho ataapa hakuona mwizi, na atakuwa anasema kweli, kwa sababu alichokiona ni mtu anayefungua mlango wa gari.

Hapa kuna jambo dogo ambalo limewaponza wengi. Ile taa nyekundu ndogo kwenye rimoti yenyewe inaonyesha kwamba rimoti imetuma, basi. Rimoti nyingi hazina njia ya kujua kama gari limepokea. Jibu la kweli hutoka kwa gari: indiketa zinamulika, na ile "kraak" ya mota za milango inasikika. Toyota nyingi humulika mara moja zikifunga na mara mbili zikifungua; magari mengine na ving'ora vya kununua vina lugha yao, kwa hiyo jifunze ya gari lako ukiwa nyumbani kwenye utulivu. Ukisikia mlio mrefu usio wa kawaida au kimya mahali pa piip, aghalabu kuna mlango mmoja haujashika sawasawa, au buti.

Hata hivyo usiishie kwenye piip. Piip husema amri imepokelewa. Mota ya mlango mmoja ikiwa imechoka, na kwenye magari yetu yenye miaka 10 au 15 zinachoka kweli, milango mitatu itajifunga na mmoja utabaki wazi, na piip italia vilevile. Ndiyo sababu mkono kwenye kitasa unashinda kusikiliza. Nusu sekunde inatosha.

Kwa wenye magari ya kuwasha kwa kitufe kuna tahadhari. Ukiwa na ufunguo mfukoni, ukivuta kitasa chenye sensa, gari linaweza kujifungua, nawe ukadhani halikuwa limefungwa. Jaribu mlango wa nyuma usio na sensa, au uangalie vitufe vya milango kupitia kioo.

Mawimbi yakikataa, si lazima kuwe na mwizi. Geti la rimoti lililokwama, mnara wa mawasiliano ulio karibu, hata sensa za upepo wa tairi za magari mengine hutumia masafa ya jirani. Sogea hadi mlangoni, bonyeza tena. Ikikataa, funga kwa ufunguo wa chuma, uondoke ukijua umefunga. Ila mahali penye watu wengi, na rimoti iliyokuwa nzima asubuhi, mimi ningetoa mkoba na kuhamisha gari bila kusubiri uthibitisho.

Lipo pia lile la gari "kujifungua" na "kujifunga" lenyewe, ambalo watu hulisimulia kwa woga. Magari mengi, ukiyafungua kwa rimoti bila kufungua mlango wowote, hujifunga tena baada ya sekunde 30 au zaidi kidogo, yakidhani umebonyeza kwa bahati mbaya ukiwa umeketi. Basi ukifungua, ukaweka ufunguo juu ya boneti au mahali pengine usipokumbuka, litajifunga tu.

Mbwa anayebweka

King'ora hakizuii mtu. Kinaita watu. Thamani yake yote iko kwa wale wanaosikia, na kama kinalia kila usiku, majirani wataacha kusikia.

Kazi ya kujua kuna nini hufanywa na sensa. Kuna swichi za milango, boneti na buti, ambazo hazidanganyi sana. Kuna sensa ya mtikisiko, ambayo ndiyo inayolia lori likipita au bodaboda ikinguruma kando. Hiyo kwa kawaida ina skrubu ndogo au mpangilio wa kupunguza ukali. Fundi akimaliza kufunga, mwambie aipime mbele yako, agonge kioo kwa kiganja, kisha apige mlango taratibu. Na baadhi ya magari yana sensa ya ndani inayotuma mawimbi ya sauti yasiyosikika na masikio yetu, kusudi igundue kitu kinachosogea kitini. Kisumu, kwa lile joto la mchana, watu huacha vioo wazi kidole kimoja ili gari lipumue, halafu upepo wa ziwani unaingia, unayumbisha kitambaa kwenye kiti, na king'ora kinaanza. Sensa haina ubovu. Imeona kitu kinasogea.

Ukifungua kwa ufunguo wa chuma wakati king'ora kiko macho, kitalia. Usikimbie kukata waya wa betri. Bonyeza kitufe cha kufungua kwenye rimoti. Kama imekufa, kwenye mifumo mingi ya kiwandani ingiza ufunguo halali na uuzungushe hadi ON, gari litakutambua na kunyamaza. Ving'ora vya kufungwa na fundi mara nyingi huwa na swichi ndogo iliyofichwa chini ya dashibodi ya kuvizima wakati wa dharura. Mfanye fundi akuonyeshe ilipo kabla hujamlipa. Nimewahi kuona mtu amekwama nje ya hospitali usiku, gari linapiga kelele, naye swichi iko sentimita chache juu ya goti lake.

Mnyororo mguuni

Hiki ndicho kifaa ninachokiheshimu kuliko vyote, na ndicho watu wanachokijua kidogo zaidi.

Niliketi kwa fundi wa funguo Kisumu, si mbali na Kibuye, mama mmoja akaja na ufunguo unaong'aa, umetoka kubadilishwa kava.

"Fundi, unazunguka vizuri, stata inapiga, lakini injini haishiki. Jana ilikuwa inawaka."

Fundi hakugusa gari. "Mama, kava la zamani liko wapi?"

Kwa bahati lilikuwa bado mkobani. Fundi akalipasua kwa kisu juu ya gazeti, na kwenye pembe moja, chini ya gundi iliyokauka, kukawa na kipande cheusi kidogo kuliko punje ya mahindi. Akakinyanyua kwa kibano, akakihamishia kwenye kava jipya, akaziba. Mama akaenda kuwasha gari. Liliwaka mara ya kwanza.

Kile kipande ni chipu, na hakina betri. Kuzunguka tundu la ufunguo kuna koili ya waya. Ukizungusha ufunguo, koili hutoa mawimbi ya masafa ya chini, karibu kilohezi 125, yanayoipa chipu umeme wa kutosha kujitambulisha. Kwenye mifumo bora, gari huuliza swali tofauti kila mara na chipu hukokotoa jibu. Jibu likikosewa, kompyuta ya gari hainyunyizi mafuta au haitoi cheche. Uingereza imelazimisha kifaa hiki kwa magari mapya tangu Oktoba 1998.

Hapo unaelewa mambo matatu yanayosumbua watu. Betri ya rimoti ikiisha, gari lenye ufunguo wa kuzungusha bado litawaka, kwa sababu chipu haihusiani na betri hiyo. Ufunguo uliochongwa pembezoni mwa barabara kwa bei ndogo unaweza kufungua mlango na kuzungusha stata, ila injini isikubali au izime baada ya sekunde chache. Chuma kimenakiliwa, chipu haikunakiliwa. Na unapobadilisha kava, usitupe la zamani kabla gari halijawaka.

Habari isiyofurahisha ni kwamba magari mengi ya bei nafuu na ya kazi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayakuwekewa imobilaiza. Usijifariji kwa sababu tu rimoti ipo. Tazama dashibodi: mengi yenye imobilaiza huonyesha taa ya picha ya ufunguo, au gari lenye ufunguo ndani yake, ikimulika ukiwa umezima. Kama hakuna na kitabu hakitaji, mwombe fundi wa umeme wa magari apime. Gari lisilo nayo linaweza kufungiwa ya kununua, au swichi ya siri inayokata umeme wa pampu ya mafuta.

Hapo nina ombi moja zito. Kuna vifaa vinavyouzwa vikisifiwa kwamba vinaweza kuzima injini hata gari likiwa mwendoni. Fikiria gari linateremka Riat kuelekea Kisumu, lori mbele na lori nyuma, injini inazimika. Usukani unakuwa mzito, na breki zinapoteza msaada wake baada ya kukanyagwa mara chache. Aliye ndani anaweza kuwa mwanao, si mwizi, maana vifaa hivi hukosea. Kinachozuia injini kuwaka kinatosha. Kinachoizima ikiwa barabarani mimi nisingekifunga.

Wasiozungusha ufunguo

Magari ya kitufe cha kuwasha yanazidi kuingia, na hatari yake ni tofauti. Hapa gari na ufunguo huzungumza vyenyewe ukikaribia: gari hunong'ona, ufunguo hujibu. Mwaka 2011 watafiti wa Zurich, Uswisi, walijaribu magari 10 ya watengenezaji 8, wakayafungua na kuyawasha yote kwa kurefusha mnong'ono huo. Mmoja husimama na kifaa karibu na gari, mwingine karibu na ufunguo, na mazungumzo hupitishwa kati yao kama watoto wawili wanaopelekana salamu. Gari hudhani ufunguo uko hapo, kumbe uko juu ya kabati la sebuleni.

Kinga yake ni rahisi. Weka ufunguo ndani ya mkebe wa chuma wenye kifuniko kinachobana, mbali na mlango na dirisha. Lakini usiamini mkebe kabla ya kuujaribu: uende nao hadi kando ya gari, ufunguo ukiwa ndani, uvute kitasa. Likifunguka, tafuta mkebe mwingine.

Na siku betri ya ufunguo huo ikiisha, hujakwama. Ubavuni mwake kuna kitufe kidogo cha kutelezesha, na ukikivuta hutoka ufunguo wa chuma. Tundu lake liko kwenye mlango wa dereva, kwenye magari mengine likiwa limefunikwa na kipande cha plastiki. Ukishaingia, kanyaga breki, gusisha ufunguo wenyewe kwenye kitufe cha kuwasha, ubonyeze. Ndani yake mna chipu isiyohitaji betri, sawa na ile ya mama wa Kibuye. Kwenye baadhi ya magari ufunguo huwekwa mahali pengine, kama kishikilia kikombe au tundu maalumu. Kitabu cha gari kitakuonyesha. Lijaribu jioni hii nyumbani, kungali na mwanga, uone tundu liko wapi na kama ule ufunguo wa chuma bado unazunguka au umeshika kutu.